Farasi wa Habari Njema

Kama gazeti la wiki jana lilifungiwa maandazi kabla hujalisoma, usijali, nitakusogeza haraka. Naitwa Ularbek. Nilikuwa mshereheshaji wa harusi mjini Naryn, kazi ya kuwasifu maharusi nisiowajua na kula nyama nisiyoigharamia, mpaka Dada Burulcha aliponinasa. Yeye alikuwa ameanzisha tovuti ya habari kwenye chumba cha nyuma cha duka la viatu vya manyoya, akaiita Suyunchu. Mitambo yake yote ilikuwa simu mbili na mdomo wake.

Tulianza kwa kutangaza farasi waliopotea. Wajanja wa mji wakatucheka, wakatuita redio ya mabibi. Kisha theluji ikaporomokea barabara ya mlimani, basi likapotea. Vituo vya mji mkuu, Bishkek, vikatangaza abiria wote wamekufa, sisi tukatangaza wako hai, wanakunywa chai kwenye kibanda cha wafanyakazi wa barabara. Ni kwa sababu Dada Burulcha hakuruhusu kifo chochote kiandikwe mpaka watu wawili walioona kwa macho yao wathibitishe.

Tangu siku hiyo tukaaminika. Watu wa Talas wakaanza kututumia habari zao, wa Osh wakafuata, na vijana wetu walioko Moscow wakawa hawalali bila kututazama.

Wiki jana nilieleza jinsi kondoo dume alivyonikumba kwa nyuma nikiwa mubashara kwenye maonyesho ya mifugo. Video ile ilitazamwa kuliko habari zote tulizowahi kuandika, na watu wa ving'amuzi wakatupigia simu wenyewe. Nchi nzima ilinifahamu kwanza kwa makalio.

Sasa sikia balaa lililonipata siku yenyewe tuliyoingia kwenye ving'amuzi.

Dada Burulcha alikuwa Bishkek, kwenye ofisi yetu mpya yenye milango ya vioo, anapokea wageni. Mimi nilibaki Naryn kama mwakilishi wa mkoa, na gari bovu na kamera mpya ambayo niliiogopa kuliko mama mkwe.

"Ular," aliniambia kwenye simu asubuhi hiyo, "leo usinitie aibu."

"Dada, hakuna kondoo leo."

"Sitanii. Watu wa hapa wanangoja tuteleze. Wanasema sisi ni wachunga mbuzi tuliopata umeme. Tukikosea leo, hakuna atakayetuamini kesho, na hii milango ya vioo nitaifungua na kuifunga siku hiyohiyo."

"Nimekuelewa, dada."

"Rudia nilichosema."

"Nisikutie aibu."

"Haya. Nenda kazini."

Sikuwa nimemaliza hata chai simu ikaita tena. Ujumbe, kutoka Mongolia.

Mjini Ulaanbaatar kulikuwa na mashindano ya mieleka ya Asia, na binti yetu Meerim, wa hapo At-Bashy, alikuwa anashindana. Hakuna kituo kilichoonyesha. Nilikuwa nimemwomba mwanafunzi mmoja wa kwetu anayesoma kule anirushie picha akiwa jukwaani.

Akanirushia video. Meerim amesimama katikati ya ulingo, uso mwekundu, na mwamuzi ameunyanyua mkono wake juu. Chini ya video kaandika: "KAKA, AMESHINDA!!!"

Niliruka juu, chai ikanimwagikia.

Naomba unielewe hapa, msomaji, kabla hujanicheka. Kwetu, mtu anayeleta habari njema haisemi bure. Anafika mlangoni anapiga kelele, "Suyunchu!" Mwenye nyumba anatoa zawadi kwanza, ndipo anaambiwa. Anayewahi anapewa koti, kondoo, hata ng'ombe. Wa pili anapewa chai. Huko ndiko tovuti yetu ilikopata jina.

Na ile sheria ya mashahidi wawili ilikuwa ya habari mbaya. Vifo, ajali, mafuriko. Habari njema nani ataithibitisha? Ukisimama kuithibitisha, jirani ameshaondoka na kondoo.

Nikatia gari moto, nikaelekea At-Bashy.

Kwenye kituo cha mafuta nikaliona gari jeupe la kituo kimoja cha Bishkek. Mwandishi wao, kijana aliyevaa miwani ya jua, alikuwa anamuuliza mwuza mafuta nyumba ya Mzee Dooron, baba yake Meerim, iko wapi. Mwuza mafuta, Mungu ambariki, alimwelekeza njia ya makaburini.

Nikakanyaga mafuta mpaka gari likapiga kelele.

"Dada, nipe hewa," nilimwambia Burulcha kwenye simu. "Meerim amechukua dhahabu. Naingia kwa baba yake sasa hivi."

"Dhahabu?" Nilisikia sauti yake ikipanda. "Ya Asia?"

"Ya Asia!"

"Nyamazeni!" akawafokea wageni wake huko. "Ular, uko hewani. Nchi nzima inakutazama. Nenda!"

Nikaingia uani kwa Mzee Dooron kamera ikiwa begani. Mzee alikuwa ameinama, amemshika farasi mguu, anamchonga kwato.

"Suyunchu, mzee! Suyunchu!"

Akanyanyuka taratibu, kisu cha kwato mkononi. Mzee Dooron ni mtu mrefu, mkavu, ambaye hacheki hovyo. Akaniangalia, akaiangalia kamera niliyoitua juu ya pipa ituonyeshe sote.

"Njema?"

"Njema sana!"

"Basi utapata. Sema!"

"Meerim ametwaa dhahabu ya Asia!"

Kisu kilimponyoka. Mkewe, Mama Kalipa, alitoka ndani na mikono ya unga, akapiga ukelele mmoja uliofanya mbwa wote wa mtaa waitikie. Akarudi ndani, akatoka na bakuli la peremende, akaanza kuzirusha hewani, nyingine zikanipiga usoni. Majirani wakaruka ukuta. Sijawahi kuona watu wazima wakigombania peremende namna ile.

Mzee Dooron alifuta macho kwa kiganja, akaingia zizini, akatoka na Karager.

Majirani wakaacha peremende.

Karager ni farasi mweusi aliyekolea wekundu, miguu kama ya swala. Kila bonde kutoka hapo mpaka mpakani lilimtamani kwa mchezo wa kunyang'anyana mzoga wa mbuzi juu ya farasi. Watu walikuja na magari mazima kumbadilisha nayo, mzee akawafukuza.

"Suyunchu yako," akasema, akanitia kamba mkononi.

"Wee mzee!" Mama Kalipa alimvuta koti, akamnong'oneza kwa sauti ambayo nchi nzima iliisikia. "Huyo si farasi wa Meerim? Si yeye aliyemlea farasi huyu kwa chupa, jike lililomzaa lilipokufa? Unampa mtu wa simu?"

"Ulitaka nimpe nini, kuku? Nchi nzima inanitazama!"

Kwenye kidude cha sikioni nilimsikia Dada Burulcha akilia na kucheka kwa pamoja. "Ular, watazamaji wanamiminika! Wageni hapa wamesimama wanapiga makofi! Ular, nakupenda kama mdogo wangu wa tumbo moja!"

Nilivimba kichwa, sikufichi. Mshereheshaji wa harusi, mwenye farasi kama yule, na taifa zima likinitazama usoni badala ya nyuma. Nilimpapasa Karager shingoni kama nimezaliwa naye.

Ndipo simu ikatetemeka mfukoni. Yule mwanafunzi wa Ulaanbaatar.

"Kaka, mbona mnasema dhahabu? Hiyo ilikuwa nusu fainali. Fainali bado, wanapumzika kwanza."

Nilisoma mara ya kwanza. Nikasoma tena, labda macho yalikuwa na peremende. Karager, aliyekuwa amenizoea haraka, akanivuta nusura nianguke.

Nikazima kamera, nikajikokota mpaka nyuma ya zizi, nikampigia Burulcha.

"Dada, kuna jambo dogo."

"Sema haraka, nakata keki."

"Meerim hajachukua dhahabu."

Kisu cha keki kikagonga sahani.

"Ameshinda nusu fainali. Fainali bado."

"Ular." Sauti ilikuwa ya mtu anayezungumza huku akitabasamu kwa wageni. "Ulithibitisha na nani?"

"Dada, si unajua, habari njema..."

"Ulithibitisha na nani?"

"Na mimi mwenyewe."

Nilisikia akiondoka kwenye kelele, mlango ukafungwa. Sauti ya tabasamu ikaisha.

"Vituo viwili vya hapa vimeshainakili. Bila kututaja, kama kawaida yao. Mbunge mmoja ameshampongeza Meerim. Ular, tumezikwa siku ya kuzaliwa."

"Nisahihishe?"

Dada Burulcha, mwanamke aliyewahi kuninyima chakula cha mchana kwa sababu niliandika "inasemekana", alishusha sauti.

"Akishinda fainali," alisema polepole, "hakuna atakayejua."

"Na akishindwa?"

"Akishindwa tutajua la kufanya. Kwa sasa kaa kimya. Ongea habari za farasi. Mhoji jirani. Imba, si ulikuwa mshereheshaji?"

Akakata.

Nilirudi uani nikiwa mtu mwingine. Kila mtu alinipiga bega. Bibi mmoja alinitilia maziwa ya farasi yaliyochacha kwenye bakuli, nikanywa yote bila kusikia ladha. Na hapo ndipo nilipoona kwamba wanaume wawili wanamleta jike la farasi lililonona, na Mzee Dooron ananoa kisu kingine, kirefu, maana kwetu karamu kubwa ni nyama ya farasi.

"Mzee," nikamkimbilia, "kwa nini tusingoje kidogo?"

"Kungoja nini? Dhahabu ipoe?"

"Hapana, nasema... watu bado hawajafika wote."

"Watafika wakisikia harufu."

"Pengine Meerim angependa mumngoje arudi."

"Akirudi tutachinja jingine. Kijana, mbona umepauka? Kalipa! Mpe huyu nyama, ana njaa."

Mama Kalipa alikuja, lakini hakuwa na nyama. Alikuwa na simu, ameishika mbali na uso kama wanavyofanya watu wa umri wake.

"Ular, mwanangu, wewe unajua mambo haya. Nimempigia Meerim hapokei. Nikamrushia ile video yenu, baba yake akikupa Karager. Hizi alama mbili za buluu maana yake ameiona?"

Niliangalia. Alama mbili, buluu kabisa.

"Ameiona, mama."

"Basi mbona hajibu? Hata kicheko? Huyu mtoto akifurahi hunitumia maua mpaka simu inaganda."

Nakwambia ukweli, msomaji. Mpaka dakika ile nilikuwa najihurumia mimi, na milango ya vioo ya Dada Burulcha. Sikuwa nimemfikiria Meerim hata kidogo. Binti wa watu yuko peke yake nchi ya ugenini, amekaa benchini na taulo kichwani, anangoja kuitwa ulingoni. Anafungua simu apate neno la mama. Anakuta baba yake amegawa farasi ambaye yeye Meerim alimlea kwa mkono wake, kwa dhahabu ambayo hajaipata. Anakuta taifa zima linampongeza. Sasa akishindwa anarudi nyumbani na uso gani?

Mwenye kumbebesha mzigo huo ni mimi, na kidomo changu.

Nikachomoa kidude cha sikioni. Nikapiga moyo konde.

"Mzee Dooron, weka kisu chini."

"Nini tena?"

"Nimekudanganya. Sikukusudia, lakini nimekudanganya. Meerim ameshinda nusu fainali. Fainali bado haijapigwa."

Mzee alinitazama. Wale wanaume wawili wakasimama na jike lao. Mtu mmoja nyuma akacheka akidhani ni utani wa wasanii wa harusi, akakanyagwa mguu.

"Bado," mzee akasema.

"Bado."

"Na Karager nimemtoa."

"Chukua farasi wako, mzee. Shika kamba, mimi sistahili hata mkia."

"Toa mkono wako hapa!" Aliirudisha kamba kifuani kwangu kwa nguvu. "Suyunchu inarudishwa? Unataka kunirudishia nuksi mlangoni? Umepewa, umepewa. Hilo la farasi limekwisha." Alivua kofia yake nyeupe ya manyoya, akaketi juu ya ndoo iliyogeuzwa. Alionekana mzee kuliko dakika iliyopita. "Niambie jingine. Mtoto amejua?"

Mama Kalipa ndiye aliyejibu, machozi yanamtoka. "Nimemrushia mimi, Dooron. Mimi na kidole changu hiki. Ameona."

Mzee akanigeukia. Nilingoja kofi, na kama angenipiga ningesema ahsante.

"Anaweza kutuona tena?" akaniuliza. "Kwenye hiyo kamera yako. Kabla hajaingia?"

"Akifungua simu, ndiyo."

"Basi iwashe."

Nikarudisha kidude sikioni, nikampigia Burulcha.

"Dada, naingia hewani kusahihisha."

"Ular, usithubutu! Nimekwambia tungoje!"

"Meerim ameona ile video. Yuko benchini, dada. Hajamjibu hata mama yake."

Huko Bishkek nilisikia muziki, glasi zikigongana, mtu akimwita, "Mama Mkurugenzi, picha!" Kisha nikamsikia yule Dada Burulcha wa chumba cha nyuma cha duka la viatu.

"Ular," alisema, "usijitetee. Sema kosa kwanza, sababu baadaye, au usiseme sababu kabisa. Nakupa hewa. Sasa."

Taa nyekundu ikawaka.

"Ndugu watazamaji," nikasema, na sauti ya harusi yote ilikuwa imenikimbia. "Mimi Ularbek wa Suyunchu nimewaambia kwamba Meerim wa At-Bashy ametwaa dhahabu. Si kweli. Ameingia fainali, na fainali haijapigwa. Kosa ni langu. Sikumuuliza mtu wa pili. Nawaomba radhi ninyi, na wazazi wake, na zaidi ya wote yeye mwenyewe."

Sikupata nafasi ya kuendelea. Mzee Dooron alikuwa ameshanipokonya kipaza sauti. Alikishika kama kijiko na akakileta karibu mno, kwa hiyo mwanzo nchi nzima ilisikia pumzi zake tu.

"Meerim," alisema. "Ni baba. Huyu kijana ni mjinga lakini si mwongo. Sasa nisikilize. Farasi nimemtoa kwa nusu fainali. Umesikia? Mtoto wangu kuingia fainali ya Asia, hiyo ni habari ya farasi. Deni huna. Nenda kapigane kama unavyopigana na kaka zako uani hapa, halafu rudi nyumbani ule. Huyu jike yuko hapa, anatafuna majani, hana haraka na wala mimi sina. Mama yako amechoka kulia. Basi."

Akanirudishia kipaza sauti. "Kizime," akasema, akavaa kofia yake.

Nilizima, nikaegemea ukuta wa zizi nikingoja mbingu iniangukie.

Mbingu haikuanguka. Kwanza zilikuja kejeli kwenye simu, na nilizistahili. "Ularbek, na mimi nina mtihani mwezi ujao, nitangazie nimefaulu." "Mrudisheni kondoo dume, ndiye mwandishi mwenye akili." Mtu wa Osh akaandika kwamba kwao hata daktari hajawahi kuomba radhi, leo kaomba mshereheshaji wa harusi. Kisha wakaanza kuandika jina la Meerim peke yake, tena na tena, mpaka kioo cha simu kikawa hakisomeki.

Burulcha akapiga. Alikuwa anapiga kelele.

"Ular! Vile vituo viwili! Vilikuwa vimenakili dhahabu yako, sasa wamebaki uchi, wamelazimika kusahihisha. Unajua wamesema nini? 'Kwa mujibu wa Suyunchu'! Ular, wamenakili kwetu miaka nenda rudi bila kututaja hata siku moja. Leo wametutaja! Kwa kosa letu!"

"Kwa hiyo umenisamehe?"

"Thubutu! Kuanzia leo hata habari ya mtoto kuota jino inathibitishwa na watu wawili. Nimeibandika mlangoni, kwenye kioo. Wageni wanaipiga picha."

Wakati huohuo gari jeupe likaingia uani, limejaa vumbi la makaburini. Yule kijana wa miwani akashuka, akaangalia watu, farasi na peremende zilizokanyagwa.

"Jamani, tumechelewa?"

"Sana," Mama Kalipa akamjibu. "Njoo unywe chai."

Akanywa. Na alipomaliza akaniomba mahojiano, mimi, kuhusu kosa langu. Nikamkubalia kwa sharti asinipige picha kwa nyuma.

Basi tukakaa kungoja. Sijui kama umewahi kuona ua uliojaa watu hamsini wakimtazama mzee mmoja, na mzee mmoja akiitazama simu iliyolala juu ya kitambaa cha meza kati ya bakuli la maandazi na sahani ya mafuta ya maziwa. Yule mwanafunzi wa Ulaanbaatar alikuwa ameandika mara moja tu, "Wanaingia," kisha akapotea. Nilimtumia jumbe kumi, hakuna hata mmoja uliofika. Jike la farasi liliendelea kutafuna. Karager naye alikuwa amenilalia bega, na mimi sikuthubutu kumsogeza.

Nilikuwa nimezima kipaza sauti, kamera nikaisahau. Au tuseme Burulcha hakunikumbusha. Nchi nzima ilikuwa imekaa nasi pale uani, kimya.

Simu ikaita.

Jina kwenye kioo: MEERIM. Mzee Dooron alinyoosha mkono, akaurudisha. Akaunyoosha tena.

"Pokea wewe," aliniambia.

"Mimi? Mzee, baada ya yote haya?"

"Moyo umenipanda hapa." Alijishika koo. "Na wewe si ndiye mleta habari? Lete basi. Safari hii lete iliyo kamili."

Nikapokea, nikaweka sauti wote wasikie. Mwanzo tulisikia makelele ya ukumbi na mtu akihema kama amepanda mlima mbio.

"Baba?"

"Ni Ularbek, Meerim. Baba yako yuko hapa mbele yangu, kanipa simu."

"Kaka Ular." Sauti ilikuwa imekauka, na sikuweza kujua kama analia au anacheka. "Nilimsikia. Kocha alinishikia simu sikioni kabla sijaingia. Mwambie nilimsikia."

"Amesikia unavyosema."

Mzee alitikisa kichwa mara nyingi kukubali.

"Ular," Burulcha akanong'ona sikioni mwangu, "usitangaze kitu mpaka aseme mwenyewe, na mpaka kocha aseme. Watu wawili!"

"Meerim," nikasema, "nambie tu, imekuwaje?"

"Ngoja kwanza. Karager yuko wapi?"

"Nimemshika kamba hapa."

"Ni wako kweli?"

"Nilijaribu kumrudisha, baba yako akataka kunipiga. Anasema suyunchu hairudi."

"Ni kweli, hairudi." Akahema. Nikasikia mtu akimwita kwa lugha ya huko, naye akajibu, "Nakuja." Kisha akavuta pumzi ndefu.

"Kaka Ular. Suyunchu!"

Watu wote uani wakageuka kunitazama. Mama Kalipa akaziba mdomo kwa mikono yote miwili. Meerim hakumwita baba yake. Alikuwa ananiita mimi, na kila aliyekuwa pale alijua ni kitu gani anachokidai.

Na desturi ni ileile kwa mzee na kwa mtangazaji: unatoa kwanza, unaambiwa baadaye. Habari ilikuwa njema, maana mtu hasemi neno lile kwa habari mbaya. Lakini njema kiasi gani? Dhahabu ni habari njema. Na fedha, kwa msichana wa At-Bashy aliyejifunzia mieleka kwenye majani ya zizi, fedha nayo ni njema. Huenda hata kutoka salama bila kuvunjika mkono, baada ya niliyomfanyia, ni njema.

"Usiseme kitu bila uthibitisho!" Burulcha aliniambia.

Karager alinipulizia pumzi ya moto shingoni. Katika maisha yangu yote sikuwahi kumiliki kitu kizuri kama kile, na sidhani kama nitamiliki tena.

Nikamtia Mama Kalipa kamba mkononi.

"Ni wako, Meerim," nikasema. "Sasa niambie."